Mbawakawa wa Kizingitini

"Gamba hudanganya, buu husema kweli." Mmemsikia mama yenu akiitamka baada ya mchumba wa dada yenu kuondoka, sasa mwataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, na mwenye woga asikae mlangoni.

Zamani, huko milimani, kulikuwa na mbawakawa weusi wa aina mbili, wote wachimbaji. Mmoja aliishi mashambani akila viwavi. Huyo alikuwa neema. Wa pili aliishi makaburini tu. Akichimba kwenye kizingiti cha mtu, ilisemwa mauti yameleta posa, na nyumba ilibomolewa siku hiyohiyo. Lakini walifanana kama punje za suke moja. Mzee Mbonea ndiye aliyewatenganisha: alimwinua mmoja, akamnusa, akatoa hukumu. Hakuna aliyeuliza pua yake ilisomea wapi.

Mwaka mmoja, masika yakikaribia, mbawakawa walitokea kwa Nanzia, mjane wa watoto wanne. Mchana kweupe walisikika chini ya sakafu, kwaru, kwaru, kama mtu anayetafuta mlango. Mbonea akanusa.

"Wa makaburini. Bomoeni."

Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wametokea kwa Mbonea mwenyewe pia. Huko alinusa akatabasamu. "Hawa wa shambani."

Namkunda mfinyanzi, aliyechimba udongo wa vyungu miaka arobaini, akaja kwa Nanzia na jembe.

"Shikamoo, mzee. Wakubwa wamevaa joho moja. Tuwaulize watoto wao."

"Watoto gani?"

"Mabuu. Buu wa shambani ana mikia miwili mifupi. Wa makaburini, mikia yake ni mirefu kama nyuzi. Nimewafukua wote, tena bila kuwanusa."

Akachimba. Mabuu wakatoka, mikia mifupi. Watoto wa Nanzia wakaanza kurudisha vyungu ndani.

"Sasa kwako, mzee."

"Kwangu hakuna haja."

"Twaja kuiona neema tu."

Jembe la kwanza lilitoa buu mwenye mikia mirefu. La pili likatoa kumi. Mbonea akakaa juu ya kizingiti, akakataa kuinuka. Chini yake, kwaru, kwaru.

"Mzee," Namkunda akasema polepole, "hawa hukaa penye maiti tu. Hapa kazikwa nani?"

Mdogo wake Mbonea, Senkondo, aliyegombania naye shamba, ilisemekana alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, mavuno mawili yaliyopita, bila kumuaga mtu. Wakamwinua Mbonea, wakachimba. Bangili ya shaba ya Senkondo ilitoka kwanza, ingali mfupani.

Nyumba ya Nanzia ilisimama. Ya Mbonea ilibomolewa siku hiyohiyo, kwa sheria aliyoisimamia mwenyewe. Wala pua yake msiilaumu. Harufu ile iliijua kuliko pua zote za kijiji.

Basi, yule kijana akirudi na koti lake jeusi linalong'aa, mama yenu hataliuliza koti. Atakwenda kwao, aulize alikuwa mtoto wa namna gani. Gamba hudanganya, buu husema kweli.