Chokaa Juu ya Ufa

Wametusimulia wema waliotutangulia kwamba katika mji wa Mosul palikuwa na mthamini wa nyumba aitwaye Hammad bin Shuayb, Allah amrehemu. Kadhi alimtuma kila warithi walipotaka kugawana nyumba, naye alilipwa kwa kila nyumba aliyoithamini, si kwa siku. Wenzake walithamini wakiwa wamesimama mlangoni. Hammad alipanda darini, akaonja maji ya kisima, akagonga kila ukuta. Nyumba isiyo na shaka aliimaliza kabla ya adhuhuri. Yenye shaka hakuiacha mpaka shaka iondoke. Kipato chake kikawa haba, na mkewe, Bi Lubaba, alisokota sufu ili chungu kisikose cha kupikwa.

Ikatokea mtu aitwaye Ziyad amefiwa na baba yake, akarithi nyumba pamoja na dada yake Khawla, aliyemuuguza mzee wao hadi pumzi ya mwisho. Ziyad alitaka kubaki na nyumba na kumlipa dada yake fungu lake. Lakini ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa mrefu. Kama ukuta ulikuwa unaanguka, nyumba ni gofu, na Khawla angepata kidogo na kuishi kwa hisani ya watu. Kama ufa ulikuwa wa zamani na ukuta umetulia, fungu lake lingemnunulia kijumba.

Hammad akachanganya chokaa, akaipaka kama utepe kukatisha ufa.

"Mvua ikinyesha ardhi hulegea," akasema. "Ukuta unaotembea utaipasua chokaa hii. Tungoje."

"Tungoje mvua?" Ziyad akamaka. "Sheikh, unaithamini nyumba au unaiposa?"

Majirani wakacheka. Hammad naye akatabasamu. "Anayeposa huuliza ukoo, ndugu yangu. Mimi nauliza ukuta."

Ziyad akashtaki. Kadhi akamwita Hammad, akamwambia, "Watu wanangoja. Sema kwa dhana yako."

"Kwa dhana yangu, ewe Kadhi, ni gofu. Lakini sioni kwamba dhana yangu ina haki ya kula fungu la mtu."

Kadhi akamwacha angoje, ila nyumba nyingine zote akampa mthamini mwingine. Mawingu yakaja, yakapita. Khawla mwenyewe akamwendea Hammad akasema, "Baba, nimechoka. Andika gofu, yaishe."

"Vumilia, bibi. Ukishapokea, hutaweza kurudi kudai."

Nyumbani unga ukaisha. Hammad akamwambia mkewe, "Lubaba, neno moja tu kwa Kadhi, nami nalipwa leo hii."

Bi Lubaba hakusimamisha pia yake ya kusokotea. "Na nikikutana na Khawla kisimani, nimsalimie kwa uso gani? Kaa kitako, mume wangu, unishikie uzi."

Akakaa, akamshikia uzi.

Mvua ikaja, ikanyesha hata vichochoro vikawa mito. Ilipokatika, Kadhi akaenda kwenye nyumba ile pamoja na Hammad na warithi wote wawili. Chokaa ilikuwa nzima, haina hata mstari. Hammad akasema, "Dhana yangu ilikosea. Ukuta umetulia. Nyumba hii ni nzima, na ithaminiwe kama nyumba nzima."

Ziyad akaipapasa chokaa kwa ukucha, kisha akamgeukia Khawla. "Ningekudhulumu, dada yangu, huku nikisema alhamdulillahi."

Akamlipa fungu lake kamili. Kadhi naye akaamuru kwamba tangu siku hiyo nyumba yenye shaka ilipiwe zaidi kuliko isiyo na shaka, ili mthamini mwenye kumcha Mola wake asilale njaa.

Ndugu zangu katika imani, haraka si dhambi, na mtu hana budi kula kwa kazi yake. Hammad alijua pa kuharakisha na pa kungoja, na hilo ni jambo adhimu. Lakini wasimulizi humsifu yeye na kumpita mkewe, hali kungoja kwake kote kulilishwa na mikono ya Lubaba. Allah awarehemu wote wawili, na awakutanishe pale ambapo hakuna tena kutengana.