Lumbesa Haizibi Mto

Lumbesa haizibi mto. Ndivyo alivyosema mama mmoja pale mashineni asubuhi ya leo, alipomsikia fundi akijigamba kwamba banda lote la ushirika atalijenga peke yake. Nanyi mkacheka, bila kujua mnacheka nini. Lumbesa mnaijua: gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha kamba na kushindiliwa tena hadi likakaribia kupasuka. Lakini lumbesa na mto, wapi na wapi? Basi wekeni simu zenu kando kidogo. Msemo huu ulizaliwa hapa hapa Mikelege, na ulianza hivi.

Palikuwa na mtu akiitwa Severini Likokola, kiongozi wa wapakizi wa magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Bonde zima la mto Lwambi halikuwa na mgongo kama wake. Gunia ambalo wanaume wawili huliinua kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, yeye alilitia begani akapanda nalo ubao wa lori huku anapiga mluzi. Sindano yake ya kushonea magunia aliichomeka kwenye kofia kama askari avaavyo nishani. Alijua kwamba anatazamwa, na wala hakuchukia.

Mwaka huo masika yalikuwa mazito kule milimani. Hapa bondeni jua liliwaka vizuri, mpunga umeinamisha vichwa, zimebaki wiki tatu tuvune. Na tuliuhitaji mpunga ule, jamani. Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umetutia adabu, kila nyumba ilikuwa imepanda punje zake za mwisho. Severini mwenyewe alikuwa na ekari tatu nyuma tu ya tuta, na watoto sita waliokuwa wakienda kuutazama mpunga huo kila jioni kana kwamba ungeiva upesi wakiutazama. Ukienda na maji, yeye na wengi wengine wangefunga mizigo na kuhama.

Ijumaa asubuhi mbiu ya mgambo ikalia. Mto ulikuwa umevimba, maji mekundu yanabeba magogo. Tuta walilolijenga babu zetu kati ya mto na mashamba lilikuwa limebonyea pale kwenye kivuko cha ng'ombe, kwa urefu wa hatua sitini hivi. Mwenyekiti wetu, Mzee Fulko Matimbwa, siku hiyo hakuhutubia, naye alikuwa mpenda hotuba. Alisema tu, "Maji yamebakiza shubiri nne. Mwenye gunia tupu alete, mwenye mikono aje."

Hakuna aliyelazimishwa. Walikuja hata watu wa kitongoji cha juu, ambao mashamba yao yako mlimani na mafuriko hayawahusu ndewe wala sikio. Nilipowaona wakishuka na makoleo yao begani, niliona fahari kuzaliwa hapa.

Kazi ikagawanywa. Severini na wanaume wenye nguvu walichukua nusu ya juu ya kivuko, wanawake na wazee wakapewa nusu ya chini. Wapakizi wakafanya kama walivyozoea maisha yao yote. Walijaza mchanga kwenye yale magunia ya salfeti, ya nailoni iliyofumwa, hadi mdomoni, wakashindilia, wakaongeza, wakashona kwa kukaza. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni aone nani amebeba kubwa zaidi. Ukuta wao ukapanda haraka, mrefu, wa kutisha.

Kwa wanawake mambo yalikuwa mengine. Wao hubeba kichwani, na gunia lililoshiba halikai kichwani, huteleza. Kwa hiyo walijaza nusu tu, wakakunja mdomo, mzigo ukajilaza juu ya kata na safari ikaendelea.

Severini alipita pale akamkuta Edigna, mke wa kaka yake, anaweka gunia lake chini.

"Shemeji," alimtania, "hilo ni gunia au mto wa kulalia?"

"Ni mto, shemeji. Ukichoka uje ulale," Edigna alimjibu bila kugeuka.

Watu wakacheka. Severini naye akacheka, akarudi kwenye ukuta wake.

Kufika saa saba mchana maji yaliugusa. Mwanzoni palitoka jasho tu, kama mtungi mpya. Kisha Severini akaona vijito vinapenya baina ya gunia na gunia, kwa sababu yale magunia yalikuwa mviringo na magumu kama magogo, na magogo ukiyapanga lazima yaache matundu. Akaamuru waongeze mengine juu. Uzito ukazidi, matundu yakabaki pale pale. Gunia moja la safu ya juu likabiringika, likaangukia mpunga wa Severini mwenyewe, na maji yakaanza kulifuata. Kwa mara ya kwanza maishani aliona nguvu zake zote ziko mikononi na hazimsaidii kitu.

Alikimbilia nusu ya chini kuomba watu. Alipofika, akasimama. Nyuma ya ukuta wa wanawake udongo ulikuwa mkavu. Ukuta wenyewe ulikuwa mfupi, mnene, umelala chini kama ng'ombe anayecheua. Kila gunia lilikuwa limejibonyeza kwenye lenzake, na juu yake wazee walikuwa wakikanyaga kwa miguu peku.

"Kwenu hakuvuji?" aliuliza.

"Kuvujie wapi?" Edigna alisema. Safari hii hakutania. Alimshika mkono akautia kati ya gunia na gunia, na hata kidole hakikupita. "Hili lina nafasi, shemeji, ndiyo maana linampokea mwenzake. Yenu yameshiba. Aliyeshiba hamsogelei mtu."

Severini alitazama ukuta wake, halafu akatazama mpunga. Alijua anachotakiwa kufanya, na alijua ni nani watakaomtazama akikifanya. Akarudi mbio, akalivuta gunia lake kubwa kuliko yote, lile ambalo asubuhi lilipigiwa makofi, akachomoa sindano kofiani, akafumua mshono na kumwaga nusu ya mchanga.

Mpakizi mmoja aitwaye Kaspari alimshika bega. "Kiongozi, umepatwa na nini? Unataka tuonekane wanawake?"

"Nataka tuonekane tumevuna," Severini alisema. "Fumua lako. Mchanga unaomwagika jaza kwenye gunia lingine. Nusu, Kaspari. Nusu tu."

Kaspari alimwangalia mtu aliyemfundisha kubeba, akatoa kisu. Wakafumua wote. Edigna akaja na wenzake bila kuitwa, wakasimama baina ya wapakizi, magunia yakawa yanapita mkono kwa mkono, mwanamume, mwanamke, mzee, mtu wa mlimani, mtu wa bondeni. Severini alisimama mwisho wa mstari ndani ya maji ya kiuno, akipokea na kulaza, akipokea na kulaza. Kila aliposikia gunia linajikunja dhidi ya lenzake, moyo ulimtulia kidogo.

Maji yalipanda hadi yakabakiza upana wa kiganja. Yakasimama hapo. Watu walikanyaga tu. Jua lilipoanza kuinama, Mzee Fulko alichomeka kijiti ukingoni, akangoja, akachungulia. Kijiti kilikuwa na alama ya unyevu juu ya maji. Mto ulikuwa unashuka. Mzee alikaa chini kwenye matope na suruali yake nzuri, akalia mbele yetu sote, na hakuna aliyemcheka.

Tulivuna. Tulivuna mpaka turubai za kuanikia zikatuishia tukaazima za kanisani. Wa kitongoji cha juu tuliwapelekea mpunga mpya kabla hatujaonja wenyewe, kwa sababu walikuja wakati mto haukuwa wao.

Habari zikavuma bondeni, na kama ilivyo kawaida ya habari, zikapotoka. Siku moja walifika wageni kutoka ng'ambo ya mto, viongozi wa kijiji kizima, wakaja mashineni wakimtafuta huyo jabali aliyezuia mto Lwambi kwa mgongo wake. Walionyeshwa Severini. Wakamwamkia kwa heshima, wakamwomba awaoneshe gunia alilobeba siku ile.

Severini aliwapeleka kwenye kivuko. Nyasi zilikwisha kuota juu ya tuta, magunia ya wanawake na ya wapakizi hayatofautiani tena, na Edigna alikuwa akipita juu yake na ndoo ya maji kichwani. Wageni walitafuta gunia kubwa, hawakuliona.

"Lako ni lipi hapa?" wakamuuliza.

"Hata mimi silijui," Severini alisema, na watu waliokuwapo wanaapa kwamba hajawahi kusimama wima kama siku ile. "Lumbesa haizibi mto."