Moto wa Mji Mama

Niwape ngano, nisiwape?
Tupe, tumekaa!
Imetoka mbali, imechoka njiani.
Iketi, ipumzike kwetu!

Hapo kale, kale hasa, wanyama wa Mji Mama walizidi kuwa wengi, chakula kikawa haba. Baadhi yao wakavuka bahari, wakajenga mji mpya. Walikwenda na moto ndani ya chungu, kwa sababu mila yao ilisema: moto wa kupikia sharti utoke Mji Mama. Moto mwingine ni mkosi, anayekula chakula chake hufa.

Wakaujengea moto huo nyumba katikati ya mji. Kila asubuhi kina mama walikwenda kuchukua kaa la moto, wakapike.

Siku moja Chui akakaa mlangoni pa nyumba ile.

"Anayetaka kaa anipe mtoto mmoja, anikatie kuni."

Wakalia, wakatoa. Wangepika na nini? Bi Kanga alikuwa na watoto watatu. Akamtoa wa kwanza. Kuni zilirudi, mtoto hakurudi.

Akaja Fisi. "Ndugu zangu, mimi si kama Chui. Nisaidieni tumfukuze."

Wakamfukuza Chui. Wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Kulipokucha, Fisi amekaa mlangoni.

"Nawalindia moto, Chui asirudi. Lakini mlinzi naye hula, jamani."

Bi Kanga akamtoa wa pili. Kuni zilirudi, mtoto hakurudi.

Akaja Nyani. "Ndugu zangu, mimi si kama Fisi. Mimi hata nyama sili!"

Wakamfukuza Fisi. Safari hii ngoma ilipigwa kidogo tu, wachezaji wakaenda kulala. Kulipokucha, Nyani amekaa mlangoni. Nyama hakula, ni kweli. Watoto aliwapeleka porini kwa Fisi, naye akaletewa asali.

Zamu ya Bi Kanga ikafika. Jirani yake Kobe akaja kumpa pole.

"Vumilia, dada. Nasikia kuna Ngiri huko porini. Anasema yeye si kama Nyani."

"Kaka Kobe," Bi Kanga akasema, "nimebaki na mtoto mmoja. Huyo Ngiri nitampa nini?"

Bi Kanga akajitwika mtungi, akamshika mwanawe, akaenda.

"Karibu, mama!" Nyani akasema. "Umemleta?"

"Nimemleta, Mheshimiwa."

"Na mtungi?"

"Maji ya kumwogesha. Nitakupaje mtoto mchafu?"

Nyani akacheka. "Una adabu wewe! Ingia."

Bi Kanga akaingia, akaumwaga mtungi wote juu ya moto. Moshi ukajaa. Nyani akatoka mbio, anakohoa, uso mweusi tii.

"Ameua mji! Mkamateni!"

Wanyama wakaja wakilia. "Bi Kanga, umetumaliza!" Hata wifi yake akamtemea mate. Lakini Kobe akamgeukia Nyani.

"Tukimkamata, utatupa nini?"

Nyani akatazama majivu. Hakuwa na kitu cha kutoa. Akatazama nyuso za wale wazazi, moja baada ya nyingine. Akaondoka kuelekea porini, akitembea, kisha akikimbia. Hakuna aliyepiga ngoma.

Wakala vyakula vibichi. Matumbo yakauma, watoto wakalia, na kisimani Bi Kanga akatukanwa. Alichukua vijiti viwili, akaketi uani, akapekecha. Siku ya kwanza, mikono ikachubuka. Siku ya pili, moshi. Siku ya tatu, moto.

Akainjika kunde.

"Mkosi huo!" majirani wakapiga kelele. "Utamuua aliyebaki!"

Bi Kanga akaonja kwanza, kisha akampakulia mwanawe. Mji mzima ukasimama uani, unangoja kuona mtoto akifa. Mtoto akala, akalamba kidole, akasema:

"Mama, niongeze."

Wifi yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuokota vijiti.

Toka siku hiyo kila nyumba ilipekecha moto wake. Ngiri alikuja na hotuba yake, akakuta hakuna mlango wa kukaa. Lakini wale watoto wawili wa Bi Kanga hawakurudi.

Ngano hii inatufunza kwamba kumfukuza mdhalimu na kumwachia mwingine kiti chake ni kujichosha bure. Kivunjeni kiti.

Nami nimeishia hapo. Penye utamu chukueni, penye uchungu niachieni.