Bandari ya Kumvushia Raya

Hapo zamani, na si zamani sana kwa kuwa ubishi wenyewe haujaisha, palikuwa na msichana aliyeitwa Raya. Raya aliweza kila kitu isipokuwa kutikiswa. Akipanda bembea, anatapika. Akipanda punda, anatapika. Akimwona mwenzake juu ya bembea, anatafuta mahali pa kukaa.

Basi Raya akachumbiwa kisiwani, ng'ambo ya maji.

Wengine wangecheka, lakini nyumbani kwao hakuna aliyecheka. Kisiwa kile kilikuwa na desturi yake. Bibi harusi akifika, wanawake wa upande wa bwana harusi humpokea gatini, na kabla ya kumpigia vigelegele humtazama uso. Wakimkuta anatapika, hakuna atakayesema ni mawimbi. Wataanza kuhesabu miezi, na hesabu hiyo ikishaanza haifutiki, hata mtoto akija kuota ndevu.

Mama wa bwana harusi, Bi Shinuna, alizijua ndimi za ndugu zake. Akatuma neno: "Atakayemfikisha mkwe wangu mlangoni bila ya kusemwa, huyo ndiye atakayempa jina mjukuu wangu wa kwanza."

Kumpa mtoto jina si jambo dogo. Hapo ndipo ugomvi wa bandari ulipoanza.

Baba yake Raya, Mzee Faki, akasema, "Tutaondokea Mkondoni. Maji ya pale ni makali, sikatai, lakini safari ni fupi. Mtu anatikiswa, anafika."

Mjomba wake, Vuai, akasema, "Tutaondokea Kichangani. Safari ni ndefu, sikatai, lakini mwamba unazuia mawimbi njia nzima. Mtu anasinzia, anafika."

"Shemeji, wewe unatafuta bandari au kitanda?"

"Natafuta bandari, shemeji. Wewe unataka kumpeleka mtoto kama nguo iliyokamuliwa."

Palikuwa pia na shangazi yake, Bi Mafunda, mjane wa siku nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa msindikizaji, kwa sababu mama wa bibi harusi, kwa desturi, hubaki nyumbani. Wakamuuliza yeye anapenda bandari ipi.

"Bandari iko tumboni," akasema. "Mimi nachukua tangawizi na bakuli."

Raya hakuulizwa.

Wakabishana mpaka majirani nao wakagawanyika, hawa wa Mkondoni, hawa wa Kichangani, na wengi wao hawajapata kupanda chombo. Mwishowe Mzee Faki akakubali, kwa sharti moja: mambo yakiharibika, Vuai asimpe jina mtu yeyote, hata paka.

Wakaenda Kichangani. Punda alibeba sanduku, Raya akatembea kwa miguu.

Bahari ilikuwa shwari kama tui kwenye sahani. Vuai akakaa mbele ya mashua, akawa anawaonyesha kwa mkono. "Mnaona? Mnaona?" Waliona. Walipofika katikati, upepo nao ukaondoka. Tanga likalala. Mashua ikabaki pale pale, ikiyumba kulia, ikiyumba kushoto, kulia, kushoto, kama bembea inayosukumwa na mtu asiye na haraka.

Mbali, nje ya mwamba, wakaiona mashua iliyotoka Mkondoni. Ilipita ikirukaruka, ikatokomea upande wa kisiwa. Mzee Faki akamtazama Vuai, na Vuai akautazama mwamba wake.

"Mjomba," akasema Raya, midomo imempauka, "usinionyeshe tena bahari."

Kisha akatapika kwenye bakuli la shangazi yake. Tangawizi ilitoka kama ilivyoingia.

Mzee Faki akavua kanzu, mtu mzima yule, akashika kasia. Akapiga kasia pamoja na mabaharia mpaka ngozi ya viganja ikachubuka, na hakusimama hata alipoombwa anywe maji.

Wakafika. Gatini wanawake wamejipanga, macho yametangulia mbele ya vigelegele. Raya akashuka, na papo hapo akahisi tumbo linapanda tena. Mmoja wa wanawake akaliona bakuli.

"Na hilo la nani?"



Bi Mafunda, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, akajifunika mdomo kwa kanga, akainama, akakokomoa kwa sauti.

"Langu, wanangu. Mniwie radhi."

Wanawake wakamtazama. Wakatazamana.

"Huyu si ndiye mjane?"

"Ndiye."

"Na marehemu alikufa lini?"

Vidole vikaanza kuhesabu. Hakuna aliyemtazama Raya tena. Raya akapita katikati yao, mdomo kaufunga, salamu anaitikia kwa kichwa. "Ana haya bibi harusi wetu," wakasema. Alipofika mlangoni, akameza.

Ikapita miezi. Mwezi wa kumi na moja tangu harusi Raya akajifungua mtoto wa kiume, na waliopenda kuhesabu wakaishiwa na vidole. Siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, ndugu wakakusanyika chumbani kwa mzazi.

Vuai akasema kwa sauti ya chini, "Jina ni langu. Bahari yangu haikumrushia hata tone. Waliotoka Mkondoni walishuka wamelowa chepechepe. Raya angeshuka hivyo, wanja mashavuni, macho yote yangebaki usoni kwake; nani angehangaika na bakuli?"

Mzee Faki akaonyesha viganja. "Bahari yako ilituacha katikati ya maji, shemeji. Mimi ndiye niliyemtoa. Angekaa kidogo tena, angeshushwa amebebwa."

Bi Mafunda akasema, "Nyinyi mlipoteza ngozi na usingizi. Mimi niliondoka nyumbani na heshima yangu, nikarudi na mimba. Mpaka leo nikija kisiwani hapa naulizwa mtoto hajambo."

Raya alikuwa kitandani, mtoto yuko kifuani.

"Na aliyemeza?" akasema.

Kabla hawajamjibu, mlango ukafunguliwa. Akaingia Bi Shinuna na chetezo cha udi, nyuma yake wanawake wale wale wa gatini.

"Haya," akasema. "Neno langu ni lile lile. Nani alimfikisha mkwe wangu bila ya kusemwa? Nielezeni alivyofanya, nimpe haki yake."

Mzee Faki akaficha viganja. Vuai akatazama dari. Bi Mafunda akakohoa, na wanawake wote wakamgeukia, wakalitazama tumbo lake. Raya akafunga mdomo, kama siku ile.

Mtoto yule alikwenda kulala bila ya jina.

Sasa nyinyi mnaosikiliza: aliyechagua bahari, aliyepiga kasia, aliyebeba aibu, na aliyemeza. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina? Semeni, lakini polepole. Bi Shinuna yuko mlangoni.