Maji ya Muhogo Mchungu

Tulieni kidogo, ndugu zangu, hata ninyi wa viti vya nyuma ambao mmeshaanza kuangalia saa. Kuna mama mmoja nataka mkutane naye kabla hamjakwenda kula.

Mama huyu aliishi kwenye nchi kavu, kule ambako mtu akinawa mikono, maji yale hayamwagwi. Yanasuuza vyombo, na yakishasuuza vyombo yananyweshwa mifugo. Kumwaga maji chini huko ni utovu wa adabu, kama kucheka msibani.

Mwaka mmoja mtama ulikauka wote shambani. Likaja lori na magunia ya muhogo mchungu, kitu ambacho pale kijijini hakuna aliyewahi kukipika. Wakakiita kiazi cha serikali. Afisa alipanda juu ya magunia akaeleza kwamba hilo ni zao mbadala linalostahimili ukame. Kuhusu namna ya kulipika, alisema maelekezo yanafuata kwa gari lingine. Gari hilo, ndugu zangu, hadi leo linafuata.

Waliouchemsha siku hiyohiyo walitapika na kuiona dunia inazunguka. Wengi wakaubwaga vichakani. Mama yetu alikuwa na mbuzi mwenye maziwa haba, na watoto waliokwisha kuacha hata kuomba chakula, akasema muhogo huu utalika, iwe isiwe. Akaenda kwa jirani yake, bibi mmoja aliyeolewa pale akitokea kusini, ambaye alikuwa akimlea mjukuu yatima kwa maziwa ya mbuzi wake mmoja. Bibi akamwambia kwamba sumu imo ndani na haionekani kwa macho. Amenye, aloweke mpaka muhogo ulainike, abadilishe maji, aanike, ndipo atwange.

Hebu fikirini, kuloweka chakula mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe yana foleni! Alichota, akabadilisha, akarudi kisimani. Watu wakamcheka. Mama mkwe wake, aliyekaa mlangoni akihesabu ndoo kwa macho, akamwambia, "Mwanangu, hicho kiazi chako kinaoga kuliko mimi."

Akajibu bila kuinua kichwa, "Wewe huna sumu, mama."

Mama mkwe akabaki akijaribu kuamua kama amesifiwa.

Vipande vya muhogo vikakauka, vikawa makopa meupe. Mama akatwanga, akachekecha, akasonga ugali. Akaonja yeye kwanza, kisha akakaa kusubiri kama atakufa. Hakufa. Watoto wakala, wakashiba, wakaanza tena kugombana kama watoto wa kawaida. Je, mtu wa namna hii anaweza kumsahau aliyemfundisha? Akafunika sahani, akampelekea bibi.

Akamkuta zizini. Mbuzi amelala chini, povu limemtoka mdomoni, hapumui tena. Mjukuu analia mgongoni.

Bibi hakuitazama sahani. Aliuliza, "Yale maji ya kulowekea, uliyamwaga wapi?"

"Sikuyamwaga, mama. Niliyafunika kwenye pipa, na asubuhi hii nikamnywesha mbuzi wako. Nilitaka iwe asante yangu."

Mmemsikia? Hakuwa mchawi, wala mchoyo. Aliutoa uchungu kwenye chakula chake kwa bidii yote, halafu akaukabidhi kwa jirani, tena kwa ukarimu.

Sasa tuje kwetu sisi. Tunafunga, tunakesha, tunaungama. Hasira inatoka, sikatai, inatoka kweli. Inakwenda wapi? Mzee wa kanisa anavumilia kikao kizima cha kamati ya ujenzi, na kikao kile mnajua kinahitaji neema ya pekee. Hamjibu mtu vibaya, tunamsifu kwa upole. Akifika nyumbani, mkewe anayanywa yote. Mama anamsamehe dada yake hapa mbele kwa machozi, na jioni binti wa kazi anamiminiwa yale maneno ambayo dada hakuambiwa. Sisi tunatoka weupe kama makopa. Nani anakufa polepole zizini?

Yule mama hakukaa kulia. Alikwenda kwake, akamfungua mbuzi wake mwenyewe wa maziwa, akamkabidhi bibi kamba mkononi. Kisha akashika jembe akachimba shimo mbali na njia ya mifugo, akalizungushia miiba, akaloweka muhogo mwingine. Hakuacha kuloweka, kwa sababu watoto walikuwa bado wanataka kula.

Nasi tusiache kufunga. Ila tuchimbe shimo kwanza. Uchungu wako umwage mbele za Mungu, mahali ambapo hakuna kiumbe atakayeunywa akafa. Na leo ukifika nyumbani, kabla hujavuta kiti mezani, mtazame usoni yule anayeishi karibu nawe kuliko wote. Muulize umekuwa ukimnywesha nini. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.