Ngozi ya Pofu kwa Mshale Mmoja

Hapo zamani, kabla mlio wa bunduki haujasikika katika nyika za Ukambani, kijiji kimoja kilichoitwa Kyamwilu kilipasukiwa na ngoma. Sisemi ilichakaa, nasema ilipasuka. Ilipigwa siku tatu mfululizo kwenye arusi, na siku ya tatu mkono wa mpigaji ukapenya ngozi ukaingia mpaka begani, ukakwama humo. Mwenyewe hakujali. Alicheza hivyo hivyo hadi jua likazama, ngoma ikimning'inia mkononi.

Tangu siku hiyo Kyamwilu hapakuchezeka. Vijana walijaribu kugonga vibuyu, lakini mtu anayecheza kwa mlio wa kibuyu huonekana kama aliyekanyaga kaa la moto. Na mavuno yalikuwa yanakaribia, na baada ya mavuno watu wa kilima cha pili wangekuja kushindana nao kucheza, kama kila mwaka.

Kiongozi wa nyimbo alikuwa mama mmoja jina lake Mumbua. Aliupima mdomo wa ile ngoma kwa mikono yake miwili, akapima tena, akasema ng'ombe wao wadogo wasingefaa kitu. Ilitakiwa ngozi ya pofu dume, yule mnyama wa jamii ya swala anayempita ng'ombe kwa ukubwa, mwenye pembe zilizosokotwa. Kisha akatoa masharti. Ngozi iwe na tundu moja tu, maana yenye matundu mengi ikivutwa huchanika. Na mshale usipakwe sumu, kwa kuwa ni yeye atakayeipiga kwa viganja, na viganja hivyo hivyo ndivyo anavyolia ugali.

Zawadi yake ilikuwa jina. Wimbo wa kufungulia ngoma ulikuwa na mstari mmoja wenye nafasi ya jina moja, na jina litakalokaa pale lingeimbwa kila mavuno, mpaka na wajukuu wa wajukuu.

Mwindaji mmoja, Nthiwa, aliposikia hayo moyo wake uliruka. Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliopita alimpiga mishale mitatu pofu dume wa bonde la chini, na mishale yote mitatu ikagonga mfupa wa bega, ikadondoka kama vijiti. Pofu hakukimbia hata hatua kumi. Alisimama akajisugua bega kwenye mti, kwa raha kabisa, kama aliyekunwa mahali palipokuwa pakimwasha. Kwa bahati mbaya wachuma kuni waliona. Jioni ile ile Nthiwa akaitwa Mkunaji wa Pofu, na hata mkewe alikuwa akimwandalia chakula huku amefunika mdomo kwa upande wa nguo. Kwa hiyo Nthiwa hakutaka nyama. Alitaka jina lake liimbwe namna nyingine.

Asubuhi alikwenda kwa mhunzi Kithome. Shemeji yake Ndinda, ndugu wa mkewe, akamfuata kwa sababu Ndinda alikuwa mtu wa kufuata popote penye kichekesho. Kithome alikuwa pandikizi la mtu, na vitu vidogo vilimtia huzuni. Alichukua chembe cha Nthiwa, yaani kile kichwa cha chuma cha mshale, akakirusharusha kiganjani.

"Hiki ni cha kanga," alisema. "Pofu hukumpiga, ulimtekenya tu."

Akavukuta moto, akafua, akageuza, akafua. Alifua vyembe vitatu, kila kimoja kipana kama vidole viwili, kina mgongo mnene katikati na makali ya kunyolea pande zote mbili. Ukikiweka kwenye mizani ya kamba, kimoja kilikuwa sawa na vinne vya zamani. Kithome alivitazama kwa mapenzi, akasema kwa chembe kile mfupa utajiona ni muhogo.

Nthiwa hakuweza kungoja. Alivifunga pale pale kwenye fito za mishale yake ya zamani, akasimama uani kwa mhunzi, akavuta, akaachia. Mshale ulikwenda hatua tano, ukainama ukachimba ardhi karibu na kidole gumba cha Ndinda. Akavuta, akaachia. Wa pili ulitikisa mkia kama samaki, ukapanda juu, ukatoboa paa la Kithome, ukatua ndani ya chungu cha uji cha mke wa Kithome, naye mama akatoka na mwiko akiuliza ni nani aliyeshiba. Akavuta, akaachia. Wa tatu hata haukufika popote: ufito ulipinda kama mjusi, ukakatika katikati, chembe kikaenda zake huku na manyoya yakaenda zake kule.

Ndinda alikaa chini kwa kucheka. Kithome alisema chuma chake hakina kosa, kosa ni la mkono. Nthiwa alisema mkono wake hauna kosa, kosa ni la chuma. Walibishana mpaka mke wa Kithome akawaambia, huku akiupangusa uji kwenye mshale, kwamba waende wakamuulize Kalekye na waache kutoboa nyumba za watu.

Bibi Kalekye alikuwa mjane. Marehemu mumewe alichonga mishale miaka arobaini, na mwishoni macho yake yalipochoka, mkewe ndiye aliyechonga na mume akasifiwa. Alipofariki, Kalekye aliendelea, na hapo ndipo watu walipojua. Alikipokea chembe cha Kithome, akafumba macho, akakipima mkononi.

"Hiki hakina kosa," alisema. "Kosa ni lako, mwanangu. Umechukua kichwa cha fahali ukakiweka kwenye shingo ya kuku."

Akamweleza kwamba chembe kizito kinautaka ufito mnene usiopindika ovyo, na ufito mnene unayataka manyoya marefu ya kuushika mkia, na vyote vitatu sharti vizoeane kama watu wa nyumba moja. Alikwenda mwenyewe kukata fito za mkole, kumi na mbili. Akazikausha juu ya moshi wa jiko siku tisa, akazinyoosha kwenye majivu ya moto, akazipinda moja moja gotini huku amezitegea sikio. Kila aliyoizungusha ikamchukiza aliitupa nyuma yake bila kugeuka. Tisa zikaenda kuni. Zikabaki tatu. Akazifunga vyembe vya Kithome kwa ukano wa ng'ombe, akazivika manyoya ya tai yenye urefu wa kiganja, akatundika kila mshale kwa uzi kutazama unapolala sawasawa. Yote mitatu ililala pale pale. Nthiwa alifumba macho akaipokea mmoja mmoja, akashindwa kuitofautisha.

Aliuliza kwa nini mitatu, ilhali ngozi inataka tundu moja.

"Miwili utaipiga nyumbani mpaka mkono uijue," alisema Kalekye. "Wa tatu usiuguse. Huo ni pacha wao, utakwenda vile vile watakavyokwenda wao. Na usimpige pofu kutoka mbali. Mshale mzito huanguka mapema. Hatua ishirini, zisizidi hata moja."

Nthiwa akasimamisha shina la mgomba karibu na mto. Akavuta, akaachia. Mshale haukutikisa mkia wala haukuinama. Ulikwenda kimya, na shina likasema pu, na chuma kikazama mpaka manyoya yakabaki nje kama ua. Nthiwa alitazama huku na huku kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Alicheza peke yake pale mtoni, bila ngoma, bila hata kibuyu. Siku sita alivuta na kuachia, na siku ya saba aliweza kuweka mishale yote miwili mahali panapofunikwa na jani moja.

Siku ya nane, jua lilipochomoza, alishuka bondeni na mshale mmoja. Ndinda alibeba kibuyu cha maji. Nthiwa alimwamuru abaki chini ya mgunga mmoja, asisogee, asiimbe, asicheke. Ndinda aliapa.

Pofu dume mzee utamsikia kabla hujamwona, kwa kuwa akitembea magoti yake hulia ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti. Nthiwa alitambaa akiufuata mlio huo, upepo ukimpiga usoni, mpaka akaingia nyuma ya kichaka. Ta, ta, ta. Pofu akaja mwenyewe, akasimama. Nthiwa alihesabu hatua kwa macho: ishirini. Lakini mnyama alikuwa amemwelekea kifua. Mfupa mtupu mbele, na kichwa kile kikubwa, na macho yakitazama kichaka moja kwa moja. Mwindaji anautaka ubavu, pale nyuma ya bega palipo mapafu. Ubavu haukuwapo.

Akangoja. Pofu akatafuna. Akangoja. Mguu wake wa kushoto ukafa ganzi. Siafu mmoja akapanda pajani, kisha wa pili akaenda kumuuliza wa kwanza amefika wapi. Nthiwa hakupepesa jicho. Jasho lilimtiririka mgongoni, na alijua upepo ukigeuka mara moja tu, basi. Alianza kuwaza kumpiga hivyo hivyo kifuani, pengine chuma cha Kithome kitapita. Vidole vyake vikaanza kuukaza upote wa upinde.

Sasa Ndinda kule chini ya mgunga hakuwa amesogea, hakuwa ameimba, hakuwa amecheka. Aliona tu kitundu kwenye shina na kitu cha kung'aa kikichuruzika, akatia kidole, akalamba. Ilikuwa asali. Akatia mkono. Nyuki hawakuwa na subira. Ndinda alitoka pale mbio, nguo ikabaki kwenye miiba, akalikata bonde akipiga mayowe ya kuita mama yake mzazi, uchi kama alivyomzaa.

Pofu hakuwa ameona kitu cha namna hiyo maishani mwake. Alizungusha mwili mzima ili akitazame vizuri, na ubavu wake wote ukawa mbele ya kichaka kama mlango uliofunguliwa.

Nthiwa akavuta, akaachia.

Mshale ulikwenda kimya. Pu. Ukaingia nyuma ya bega ukazama mpaka manyoya, ukasimama kwenye mfupa wa upande wa pili bila kutokeza. Pofu aliruka, akakimbia, magoti yakilia. Nthiwa hakumfukuza. Alikaa na Ndinda, akamng'oa miiba ya nyuki mmoja mmoja, mpaka kivuli cha kichaka kikawa kimehama. Ndipo wakafuata damu. Walimkuta amelala si mbali. Nthiwa alipapasa ngozi upande huu, wakamgeuza kwa taabu, akapapasa upande ule. Tundu moja. Wakashikana mikono, mmoja mguu wenye ganzi, mwingine uso umevimba kama boga, wakacheza kumzunguka hadi pumzi ikawaishia.

Kijiji kilikula nyama, na ngozi ikalainishwa, ikavutwa, ikawambwa. Siku ya mashindano wageni wa kilima cha pili walifika na njuga zao miguuni. Mumbua akaikalia ngoma mpya, akauliza jina gani liingie kwenye mstari wake.

Nthiwa alifungua mdomo, lakini Kithome alikuwa na sauti kubwa zaidi. Alisema mwaka jana mkono ulikuwa huu huu, na pofu huyu huyu, na aliyekunwa alikunwa. Kilichobadilika ni chuma. Basi liimbwe jina la mwenye chuma.

Bibi Kalekye hakusimama. Alisema chuma kile kabla hakijafika kwake kilikuwa kimeua nini? Kiliua chungu cha uji. Yeye ndiye aliyekifundisha kwenda kinakotumwa. Akaongeza kwamba mishale yake ilisifiwa miaka mingi kwa jina la mtu mwingine, na mwaka huu hapendi tena.



Ndinda, ambaye midomo yake ilikuwa bado haijarudi kawaida, alisema chembe kilikuwapo, na ufito ulikuwapo, na mkono ulikuwapo, vyote vimechuchumaa kichakani vikiliwa na siafu. Bila yeye kujitoa kwa nyuki, pofu angetafuna mpaka leo. Wageni wa kilima cha pili walicheka sana, kisha wakatazamana, maana ilikuwa kweli.

Nthiwa alikuwa amepandwa na hasira Kithome alipomkatiza. Lakini kila aliyesema, maneno yake yaliingia na kukaa, na ilipofika zamu yake hakuwa na uhakika aliokuwa nao asubuhi. Akasema taratibu.

"Nilikuwa na mshale mmoja na pumzi moja. Ningekosa, mngeimba jina la nani kwa kicheko? La mhunzi? La bibi? La shemeji? Aibu ingekuwa yangu peke yangu. Sasa mimi nauliza, kama aibu ingekuwa ya mmoja, sifa inakuwaje ya wanne?"

Mumbua akawatazama mmoja baada ya mwingine. Mstari ni mfupi na hauna pa kubana jina la pili. Njuga zimeshaanza kulia, vumbi limeshapanda, viganja vyake viko juu ya ngozi ya pofu na hawezi kuvishusha kabla hajajua.

Nanyi mmesikia kila neno kama alivyosikia yeye. Je, amwimbe nani?