Mawe Saba ya Elderby

Mtu mmoja alikuwa na dirisha refu, na mbele ya dirisha hilo palikuwa na kijiji asichotaka kukiona. Alikuwa bwana mkubwa, Lodi Wexmoor, mwenye ardhi na mbunge katika Uingereza ya zamani, enzi ambazo wakubwa walivaa nywele za bandia na kuzipaka unga. Kijiji kiliitwa Elderby. Kilikuwa na nyumba saba, moshi mwingi, na nguo zilizoanikwa hata siku ambazo wageni wa bwana walikuja kula. Bwana alitaka kuona nyasi na kondoo, basi.

Akamwita Obadia, msimamizi wa mashamba yake, aliyezaliwa Elderby katika nyumba ya tatu. Akamwambia kijiji kivunjwe kabla ya mavuno, ila kwa sharti moja: katika kila nyumba libaki lile jiwe pana la chini ya meko, mahali pake palepale, na mtu asiliguse. Obadia aliposikia neno la kwanza alishtuka. Alipolitafakari neno la pili, moyo ukamtulia. Hakuna anayemwachia mtu jiko lake, alijiambia, isipokuwa amekusudia kumrudisha.

Na hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Walikuwa wameshika majembe na miundu, wameapa kukaa milangoni hadi wa mwisho, na kasisi wa kijiji alikuwa upande wao. Obadia alipita nyumba hadi nyumba akiwasihi. Mwenye nguvu mpishe, aliwaambia. Bwana ni mkali lakini ana utu, kwani hamwoni ametuachia mawe yetu? Walimwamini kwa kuwa alikuwa mtoto wao. Wa mwisho kukubali alikuwa Kezia, dada yake mkubwa, mjane aliyebaki katika nyumba ile ya tatu. Aliweka mundu chini, akajitwika godoro lake, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Nyumba zikavunjwa, nyasi zikapandwa, kondoo wakaletwa. Kezia alipata kona katika nyumba ya maskini mjini, wanawake sita chumba kimoja. Kila Jumapili Obadia alimpelekea mkate, na kila Jumapili dada alimuuliza swali lilelile. "Mawe bado yapo?"

"Yapo, dada. Nimeyafagia mwenyewe."

Hakusema uongo. Kwa miaka minne aliyafagia, akang'oa majani yaliyoota pembeni, akawafukuza kondoo waliotaka kuyalalia. Aliyatunza kwa ajili ya wenyewe.

Mwaka wa tano uchaguzi ukafika. Asubuhi Obadia alikuta hema limesimamishwa kwenye nyasi, na ndani yake meza, karani na daftari. Watumishi saba wa bwana waliitwa, mpishi, mtunza mbwa, mwendesha gari la farasi na wengineo, kila mmoja akapewa hati kwamba kiwanja fulani ni chake hadi jua litue. Kila mmoja angesimama juu ya jiwe la kiwanja chake na kumtaja kwa sauti mtu anayemchagua, maana ndivyo kura ilivyopigwa siku zile. Obadia, akiwa mmoja wa wale saba, alipewa jiwe la tatu.

Hakuwa na desturi ya kumhoji bwana wake. Siku hiyo alimhoji. Alimuuliza ni lini watu watarudishwa, ili waje wapige kura yao wenyewe. Lodi Wexmoor alimtazama bila hasira yoyote, akimshangaa kweli.

"Kura ni ya jiwe, Obadia. Watu wa kazi gani?"

Obadia alilitazama jiwe la tatu. Baba yake alipiga kura mahali pale maisha yake yote, na Obadia alidhani ni kwa sababu alikuwa mtu. Kumbe sheria ilihesabu meko. Penye meko saba palipeleka mbunge, hata kama wanaolala hapo ni kondoo. Huruma aliyoihubiri nyumba hadi nyumba haikuwapo hata siku moja. Aliitunga yeye mwenyewe, kwa hofu yake, akawalisha ndugu zake.

Karani aliinua kalamu. Obadia alikuwa na mke, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya bwana. Alisimama juu ya jiwe la dada yake, na akasikia sauti ikimtaja Lodi Wexmoor, safi kabisa, bila kutetemeka. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni sauti yake. Kura zote saba zikawa za bwana. Mwezi uliofuata bwana alisimama bungeni na kusema kwamba watu wa Elderby ndio waliomtuma, na katika ukumbi mzima hakuna aliyecheka.

Jumapili Obadia alikwenda mjini. Hakungoja kuulizwa; alimwambia Kezia yote, hata lile jina alilolitaja. Kezia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sisi tungekaa milangoni, Obadia."

Akageuka, akarudi kwenye kona yake.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, hasa ninyi ambao hutumwa kuwatuliza wenzenu: bwana alitoa amri tu, na watu wale walikuwa tayari kuipinga. Nijibuni, ni nani aliyeivunja Elderby?